Namna ya Kununua Yai Moja kwa Bei ya Trei

Kwanza, usikimbilie bodaboda. Ibada ya Kilutheri huku Bukoba na Muleba haijaisha mpaka mnada uishe. Sogea chini ya mti, karibu na mzee wa kanisa anayenadi: mkungu wa ndizi, maharage, jogoo aliyefungwa miguu, yai. Aliyekosa noti ya kutia kapuni ameleta alichonacho.

Yai likinadiwa, panda bei. Ukilipata, lipa, kisha lirudishe linadiwe tena. Yai moja huuzwa hata mara tatu na bado likafika jikoni kwa bibi asiye na kuku. Usilalamike kwamba ni ghali, hukwenda sokoni. Ila usitaje bei ambayo huna mfukoni, kwa maana mchungaji hali ahadi.

Sasa tega sikio. Fedha hiyo huingia usharikani, na usharika ndio unaobeba mshahara wa mchungaji. Yeye anakula kila siku, kahawa yetu huvunwa kwa msimu. Kwa hiyo ingia kibanjani, chagua mibuni mitatu, iite ya kanisa. Hata shida ikubane vipi, usiuze kahawa yake kwa butura, yaani kabla ya kuvuna, mibuni ikingali na maua. Ukiuza kahawa ya maganda, gawa fedha kwenye bahasha za mwaka mzima. Udongo uliomlea Kardinali Laurean Rugambwa wa Kamachumu na Askofu Josiah Kibira hauwezi kushindwa kumlisha mchungaji ukingoja mfadhili wa Ulaya.

Wakatoliki, nanyi msidhani padri anatajirika kwa nia za misa. Akiadhimisha misa mbili siku moja, sheria ya Kanisa humwachia sadaka ya misa moja tu, isipokuwa Krismasi. Lipeni zaka.

Mtu anayeniumiza moyo ni mwinjilisti, na mwenzake katekista. Ndiye anayefundisha watoto wa kipaimara, anayezika mvua ikinyesha, anayeamshwa usiku mgonjwa akizidiwa. Posho yake ni ndogo, na huchelewa. Kwake usisubiri Jumapili. Kata mkungu mwingine, ule mkubwa uliokuwa ukiwawekea wageni, uufunge kwenye baiskeli, ufike kwake jioni kabla moto wa jikoni haujawashwa. Mama akitoka kukupokea, mwambie: “Shikamoo, mama. Huu haunadiwi.”