Karibu Mezani kwa Mla Watu

Mashabiki wa Hannibal ni watu wapole, na hapo ndipo wasiwasi unapoanzia. Tamthilia hiyo ya NBC ya Marekani ilirushwa kuanzia 2013 hadi 2015, misimu 3, vipindi 39, na daktari mmoja wa magonjwa ya akili anayeua watu kisha anawapikia wageni. Mads Mikkelsen, mwigizaji wa Denmark anayemwigiza daktari huyo, anafunga tai kwa ustadi kiasi kwamba mtazamaji anasahau kuuliza nyama imetoka bucha gani.

Mwanzoni shabiki hutazama kupitia vidole. Vipindi vichache baadaye, vidole hivyo vinatafuta uma. Chakula kinapendeza, tuseme haki: aliyekiremba, Janice Poon, alitoa kitabu cha mapishi 2016. Nyama ni ya mifugo, wasijali. Msimu wa kwanza vipindi vimepewa majina ya Kifaransa ya mezani, maana unyama nao unataka adabu.

Mashabiki hao hujiita Fannibals, na sare yao ni taji la maua. Kwenye skrini maiti zinaoteshwa uyoga. Wao wanachagua waridi la kuoana na shati.

Hawa ndio wale wanaokimbilia ndani kuku akichinjwa. Kumbe ubaya wa muuaji ni kutopiga pasi. Wakikualika chakula cha jioni, nenda, usiwavunje moyo. Uliza tu, kwa heshima zote: samahani, mchuzi huu ni wa nani?