Mtoto wa Nachingwea Ipi?

Serikali nimeisamehe. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu msomaji akishasikia kwamba mimi na mke wangu tunaasili mtoto, anavuta kiti anisikie nikiwasema watu wa mihuri, foleni na "njoo kesho". Kesho zilikuwepo, sikatai. Lakini kila swali nililoulizwa na mtu mwenye mhuri lilikuwa na maana yake. Walionimaliza ni wasio na mhuri.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka anayeasili awe ametimiza miaka 25, na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Huo ndio mtihani pekee nilioufaulu bila kufungua daftari. Yaliyobaki yalitaka jasho: cheti cha ndoa, barua ya mtendaji, maelezo ya kipato (hapo mke wangu ndiye aliyeongea, maana kipato ni chake), majina ya watu wanaotufahamu, kisha afisa ustawi wa jamii kuja nyumbani kuona mtoto atalala wapi. Yule mama alikagua chumba, akakagua choo, akainama kwenye kisima akauliza mfuniko huwa unafungwa na nani usiku. Aliuliza tukigombana tunapatanaje. Aliuliza mtoto akishikwa na homa saa nane usiku tutafika hospitali kwa usafiri gani. Mtu wa namna hiyo nitamlalamikia nini?

Sasa sikiliza maswali ya mtaani. "Tatizo liko kwako au kwa mama?" Hilo aliniuliza muuza vocha, mbele ya wateja, huku akihesabu chenji yangu. "Mmejaribu dawa za kule Kilimarondo?" "Hamwogopi kufuga nyoka?" Jirani yangu, ambaye watoto wake wanashinda kwangu wakimaliza maembe yangu, aliniwekea mkono begani akanikumbusha kwamba mwana wa mwenzio mkubwa mwenzio. Nikamuuliza, na hawa wako walio juu ya mwembe, nao ni wakubwa wenzangu? Akasema hao ni watoto tu, waache wale.

Na wala si kwamba kulea mtoto wa mwingine ni jambo geni huku. Sijui nyumba mtaani kwetu isiyo na mtoto aliyezaliwa kwingine. Kuna mjukuu aliyeachwa na mama aliyekwenda Dar kutafuta maisha, kuna mpwa, kuna mtoto wa marehemu, kuna yule ambaye hata mwenye nyumba hakumbuki vizuri alifikaje. Hao hawaulizwi chochote. Ukishataja mahakama tu, watu wanashtuka, wanadhani umeiba.

Bibi yake mke wangu ndiye aliyenishangaa kuliko wote. Yeye ni wa enzi za Frelimo, wapiganaji wa Msumbiji walipokuwa na kambi yao ya mafunzo hapa Nachingwea. Kwa maelezo yake mji huu ulilea nchi nzima ya jirani mpaka ikapata uhuru mwaka 1975, na hakuna aliyejaza fomu. Nikamwambia, bibi, Samora Machel hakuhitaji cheti cha kuzaliwa aandikishwe darasa la kwanza. Akafikiri kidogo. "Kweli," akasema, "alikuwa na ndevu."

Shangazi yangu naye aliona tunajitesa bure. Kwa nini tusifanye kama Madonna? Alipanda ndege, akashuka Malawi, akabeba mtoto, akaondoka. Ilibidi nimweleze kwamba hata Madonna hakuondoka kirahisi hivyo. Oktoba 2006 alipewa kibali cha muda tu cha kukaa na David Banda, na mahakama ya Malawi haikumkabidhi moja kwa moja mpaka Mei 2008. Aliporudi mwaka 2009 kumwomba mtoto mwingine, Mercy, mahakama ya kwanza ilimkatalia kwa kuwa si mkazi wa kule, akashinda kwenye rufaa. Na angekuja kwetu angesota zaidi, kwa sababu sheria yetu inataka mgeni awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo. Nachingwea tumewahi kupata wageni wa kukaa muda huo. Waingereza wa Mradi wa Karanga walikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, wakaleta matrekta, wakajengewa reli, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha kufa. Reli nayo iling'olewa miaka ya sitini, ikatuachia kata inayoitwa Stesheni, yenye kila kitu isipokuwa treni. Sharti la ukaazi nadhani wangelitimiza. Ila ningekuwa mimi ndiye afisa ustawi, mtoto nisingempa mtu aliyeshindwa na karanga.

Wetu hakuwa Malawi. Alikuwa hapo Ruangwa, wilaya jirani, kwa mama mmoja aliyekabidhiwa amtunze kwa muda. Ungedhani basi ni safari ya kwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Shida ni kata. Msomaji wa mbali afahamu kwamba Nachingwea ni mji, ni wilaya, na tena, kwa sababu ambayo sijapata wa kunieleza, ni kata ndani ya Wilaya ya Ruangwa. Na mtoto alikuwa huko.

"Unakwenda wapi, mzee?" aliniuliza mpiga debe.

"Nachingwea."

"Umeshafika."

"Nachingwea ya Ruangwa."

"Sasa chagua moja, gari linajaa."

Mke wangu alimweleza polepole, kwa sauti anayotumia na mimi. Tukapanda. Jioni ile nilipompigia shangazi kwamba mtoto tumempata Nachingwea, aliuliza tulikuwa na sababu gani ya kulipa nauli.

Yule mama mlezi alitupokea vizuri, kisha akaanza kutupa masharti ambayo hayamo kwenye sheria yoyote. Hapendi taa machoni. Analala ubavu wa kushoto. Uji usiwe mzito, na usipoe, na usiwe wa moto. Akilia jioni msidhani ana njaa, anataka kutolewa nje aone kuku. Hapo sauti ikamkatika, akaingia ndani kutafuta kanga ambayo ilikuwa begani kwake. Sisi tulikaa pale kwenye mkeka tukiwa tumemshika mtoto kama watu waliopewa bomu. Alipotoka alikuwa amekwisha pata la kusema: "Mnamtoa mtoto Ruangwa mnampeleka kwa watu wasio na timu."

Watu wa Ruangwa ndivyo walivyo. Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019 na tangu hapo hatupumui. Aliyekuwa mbunge wao, Kassim Majaliwa, akawa Waziri Mkuu miaka kumi, 2015 hadi 2025, basi hata kuku wa kule wakivuka barabara wanavuka kwa madaha. Nilimwambia mama yule kwamba sisi tunavuna korosho na ufuta. Akasema na wao pia.

Safari ya kurudi ndiyo iliyonifundisha binadamu. Ndani ya Noah mke wangu alibanwa kiti cha nyuma na mfuko wa chupa, mimi na mtoto katikati, vumbi jekundu likiingia kwenye dirisha ambalo lilifungwa kwa imani tu. Mama mmoja aliyepakata jogoo alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akatoa hukumu: "Baba mtupu! Pua hii hata polisi hawahitaji ushahidi." Mzee wa mbele akageuka, akathibitisha. Kijana mmoja akasema na masikio. Nakiri nilianza kuyapapasa masikio yangu kwa heshima mpya. Chupa ikaombwa, ikapita mikononi mwa abiria wote kutoka nyuma mpaka kwangu, kila mmoja akiipima joto kwa kiganja na kutoa maoni.

Ndipo mke wangu, ambaye hajui kufurahia kitu mpaka kiwe kweli, akasema kutoka nyuma, "Ndiyo kwanza tumekabidhiwa leo."

Gari likanyamaza. Yule mama akaitazama pua upya. "Nami nilijiuliza," akasema, "maana pua hii ina adabu."

Nyumbani tulimkuta shemeji, kaka wa mke wangu, amekwisha itisha kikao na kukalia kiti changu. Hoja yake ilikuwa nzito, na ni ya Kimwera hasa. Kwa mila zetu za asili mtoto huhesabiwa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Huyu mama aliyemzaa hajulikani, kwa hiyo ana upungufu wa mjomba. Nikamwambia kwamba mahakama ikishatoa amri, atahesabiwa kuwa mtoto wetu kama tuliyemzaa. "Vizuri," akasema, "kumbe mjomba ni mimi." Tangu siku hiyo anakuja kukagua. Anauliza mtoto amekula nini, kisha anataka na yeye aonje. Ameanza kuzungumzia jando, na mtoto hajaota jino.

Kuna jambo moja tu ambalo sheria imeniacha hoi. Inasema habari ya kuasiliwa mtoto ataambiwa na mzazi aliyemwasili, na mtu mwingine yeyote hana ruhusa ya kumwambia. Niliisoma nikiwa barazani. Pale barabarani muuza vocha alikuwa akimwelekeza mgeni nyumba yetu: "Ni pale, kwenye yule mtoto wa kutoka Ruangwa."

Kwa sasa tunamlea chini ya uangalizi wa ustawi. Amri yenyewe ni ya Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu kwetu maana yake ni Mtwara: basi mpaka Masasi, kisha basi jingine. Mke wangu amekwisha panga nguo, mtoto ana kofia mpya. Jana shemeji alikuja kupima kama koti langu linamtosha. Nikamwambia kwamba ombi ni la mume na mke, mahakama haijamwita, na kama lazima aende basi akate tiketi yake.

"Mjomba halipi nauli," akasema, na akaondoka na koti.