Fyuzi ya Shemeji

Nyumbani kwetu Katesh, sabufa inaheshimiwa kuliko kabati la vyombo. Ina kitambaa chake cha kudarizi, watoto hawaigusi, na baba watoto huifuta vumbi mwenyewe, mtu ambaye sijapata kumwona akifuta kitu kingine chochote. Jumapili baada ya ibada huiwekea kwaya, na upepo wa Mlima Hanang ukianza kupiga bati anaongeza sauti ili asishindwe na mlima.

Aliyetuvurugia ni shemeji. Alitoka Dar es Salaam kuja kwenye kipaimara cha kijana wetu mkubwa, akashukia kwetu. Kabla hata hajamaliza chai akatoa mfukoni kipakiti, na ndani yake kulikuwa na fyuzi ya plagi. Si zile za dukani zinazouzwa kwa bei ya soda. Hii ilikuwa na vichwa vya rangi ya dhahabu na mshale ubavuni.

"Kaka, hii ni fyuzi ya sauti. Mshale uelekee kwenye sabufa. Ukiigeuza tu, besi inajificha."

Huko nje zipo kweli, na nyingine huuzwa zaidi ya dola 100 moja. Shemeji akasema yeye atamwachia kaka yake kwa bei ya kindugu. Udugu huo ulimeza hela za vitunguu swaumu vya Bashay, tulizozitenga kwa ajili ya mbuzi wa sherehe.

Tangu jioni hiyo sebule ikawa karakana. Plagi inafunguliwa, fyuzi inawekwa, wanasikiliza kwaya ileile. Inafunguliwa tena, mshale unageuzwa, wanasikiliza tena huku wamefumba macho.

"Mama watoto, umesikia tofauti?"

"Nimesikia wali unaungua."

Mimi nafundisha sayansi, nikajaribu kutumia kazi yangu. Nikawaambia: umeme wa nyumbani hauna mbele wala nyuma. Ni mizunguko 50 kwa sekunde, maana yake unageuza mwelekeo mara 100 kila sekunde, uwe na mshale au usiwe nao. Hata kama tungetumia sola na betri, ambako umeme unakwenda upande mmoja, kilichomo ndani ya fyuzi ni kipande cha waya kinachofanana huku na huku. Tena umeme huo ukishaingia kwenye sabufa unapita kwenye transfoma, unanyooshwa, unatunzwa kwenye kapasita, ndipo unafika kwenye amplifaya. Umesafiri mamia ya kilomita juu ya nguzo kuja Manyara. Sentimita mbili na nusu za fyuzi zitaufundisha nini?

"Shemeji," akanijibu kwa upole wa mtu wa mjini, "masikio hayasomi fizikia."

Nikawaambia pia kwa nini fyuzi iko hapo. Plagi ya miguu mitatu ya mraba tumeirithi kwa Waingereza, waliotoa kanuni zake mwaka 1947. Walifunga nyumba zao kwa waya wa duara mmoja unaolisha soketi nyingi, wenye kinga ya ampea 30, mzigo ambao waya mwembamba wa redio hauwezi kuubeba. Kwa hiyo kila plagi ikapewa fyuzi yake ya kukatika mapema kabla waya haujashika moto. Wajerumani plagi zao hazina fyuzi kabisa, na unaweza kuzichomeka upande wowote. Sijasikia kwamba muziki umewashinda.

Hawakunisikia. Aliyewanyamazisha ni mama mkwe, aliyekuja kutoka Dongobesh na redio yake ndogo ya betri. "Mtu anayemjua ng'ombe wake humtambua hata gizani," alisema. "Geukeni ukutani."

Wakageuka. Nikabaki na plagi na bisibisi, kijana wa kipaimara akawa karani na daftari. Kila zamu nilichomoa, nikafungua na kufunga, hata pale ambapo sikubadilisha kitu, ili wasikisie kwa milio. Shemeji akatamka "sasa imefunguka!" wakati nimeweka fyuzi ya dukani. Baba watoto akaapa kwamba mshale umekaa sawasawa, nao ulikuwa umetazama ukuta. Kijana aliposoma daftari, mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu.

Mwanamume wa kwetu hakubali kushindwa na mama yake mbele ya watoto. Shemeji akagundua kwamba fyuzi ya dhahabu inahitaji kuzoea umeme kwanza. Ikaachwa ndani, kwaya ikaimba usiku kucha, LUKU ikalia.

Siku ya kipaimara wageni wamejaa, pilau limeiva, sabufa kimya. Fyuzi ya dhahabu imekatika, na mshale ulikuwa upande sahihi kabisa. Ile ya dukani watoto walishaigeuza tairi la gari lao, haikuonekana. Baba watoto akaanza kukunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara aiweke mahali pa fyuzi. Hapo nilimshika mkono mbele ya wakwe na wachungaji. Karatasi ile haikatiki kwa wakati. Hitilafu ikitokea, kinachoungua ni waya, kisha kochi, kisha nyumba.

Tukamwita fundi redio wa jirani. Alipofungua plagi akatuonyesha: vibano vya fyuzi vimelegea kwa kufunguliwa kila saa, kimoja kimekuwa cheusi kwa joto. Akafunga plagi mpya na fyuzi nyekundu ya ampea 3, inayobeba karibu wati 690 kwa volti 230. Sabufa yetu haifiki hata robo yake. Kisha akaivuta mbele, akachungulia nyuma, akaguna.

Waya wa spika ya kushoto ulikuwa kinyume, mwekundu kwenye kibano cheusi. Spika moja ilikuwa inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, sauti nzito zikawa zinauana katikati ya sebule. Akaugeuza. Sauti za wanaume wa kwaya, ambazo hatukuwa tumezisikia tangu sabufa inunuliwe, zikaingia sebuleni, na mama mchungaji akaanza kucheza na sahani mkononi.

Shemeji akasimama kwa fahari. "Si niliwaambia mwelekeo una maana?"

Basi, ndugu msomaji, kabla hujauza kitunguu chako, anza nyuma ya spika: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Kaza soketi inayocheza. Sogeza sabufa kwenye kona uone besi inavyoongezeka bila senti moja. Fyuzi nunua ya ampea zinazotakiwa, iwe nzima, ibane vizuri, kisha uisahau. Na mbuzi wa sherehe umnunue kwanza.