Uainishaji wa Madereva wa Malori Kisinga kwa Kigezo cha Upande wa Usukani

Kisinga ipo kwenye barabara inayotoka Kikorongo kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe. Kwa elimu tunayoishughulikia hapa, hakuna maabara inayoizidi: dereva anayeelekea Kongo hapa ndipo huanza kujigamba, na anayetoka Kongo hapa ndipo hupata chai ya kusimulia nayo. Uganda tunaendesha kushoto. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, kule Kasindi, wanaendesha kulia. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule wanasikilizana lugha bila mkalimani, lakini barabarani lazima mmoja amfuate mwenzake upande. Macau na China walijengewa Lotus Bridge, ambalo barabara yake inajizungusha ili magari yabadili upande bila kugongana. Mpondwe kazi hiyo imeachiwa shingo ya dereva.

Jamii ya kwanza ni Wakanushaji, wanaoshikilia kwamba usukani ni usukani tu. Ushahidi wao ni pedeli: klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia, uwe London au Butembo. Hoja ni sahihi, ila inaishia magotini. Kuanzia kiunoni kwenda juu, mkono wa gia si ule tena, na kwenye magari mengi ya Kijapani hata indiketa imehama. Mkanushaji aliyepanda gari asilolizoea hutambulika kwa urahisi: kila akitaka kukata kona, waipa zinafuta kioo kikavu jua likiwaka.

Jamii ya pili, Waghaibuni, waliendesha malori Ghuba, na kila mhadhara wao huanza na "Sisi kule Dubai". Tatizo la ushahidi wao ni kwamba kule usukani uko kushoto na barabara iko kulia, yaani kila kitu kimepangwa kinavyotakiwa. Mtu huyu ameitafiti ndoa akiwa harusini.

Jamii ya tatu ndiyo inayostahili wino. Hawa wanatoka Mombasa kupitia Kampala, usukani uko kulia, na wakishavuka mpaka wanaendesha hivyo hivyo upande wa kulia wa barabara. Sasa dereva amekaa upande wa mtaro. Mbele yake kuna Fuso linalokokota mzigo, na yeye anaona mgongo wake tu. Ili jicho lake lifike mahali pa kuchungulia, inabidi pua yote ya lori itangulie kwenye njia ya wanaokuja.

Hapo ndipo tanboi anapopandishwa cheo bila barua. Huku Uganda kazi yake ni kukaza turubai, kuweka kigingi kwenye tairi na kulala juu ya mzigo usiibwe. Kutoka Kasindi hadi Beni, kilomita 80, yeye ndiye macho. Anatoa kichwa dirisha la kushoto na kutoa ripoti, ambazo tumezigawa hivi. "Twende" maana yake njia ni nyeupe. "Twende tu" maana yake kuna kitu, lakini kiko mbali. "Twende, twende, twende" maana yake kitu hicho si mbali tena, na ushauri umechelewa. Kimya ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu kinaweza kuwa "ngoja" na kinaweza kuwa usingizi. Lori linapita kwa imani ya dereva juu ya mtu ambaye posho yake, kwa kadiri inavyojulikana Kisinga, haipandi mtu akivuka Lhubiriha. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kasoro kubwa ya barabara hii, kuliko mashimo.

Ndani ya jamii hii kuna madhehebu ya Wapenda-mtaro. Wao wanasema milimani, kuelekea Butembo, kinachoua ni ukingo, na ni heri kukaa pale unapoliona tairi lako likiusogelea. Wanao mashahidi wazito: Uswidi waliendesha kushoto huku magari yao mengi yakiwa na usukani wa kushoto. Tatizo ni kwamba shahidi huyo alijikana tarehe 3 Septemba 1967, nchi nzima ilipohamia kulia. Wamebaki na gari la posta la Marekani, ambalo usukani wake uko kulia ili barua zitiwe masandukuni bila kushuka. Lakini gari la posta haliendi kuovateki Fuso.

Kuhusu taa tuseme kidogo: taa za chini za gari la kwetu zimeelekezwa zaidi kushoto, ukingoni. Kongo kushoto ni machoni pa anayekuja. Na abiria wa Hiace ya Uganda, mlango wake ukiwa kushoto, kule anashukia katikati ya barabara.

Wakongo wenye usukani wa kushoto wanaokuja huku ni wachache, na huonekana vizuri zaidi kwenye mizunguko ya Kampala.

Wapo wanaotaka Jumuiya ya Afrika Mashariki iamue. Kwa kura tutashindwa: tangu Kongo ilipoingia 2022 na Somalia 2024, wanaoendesha kulia ni 5 na sisi wa kushoto ni 3. Wakereketwa wa kushoto hujibu kwa mfano wa Samoa, iliyohamia kushoto tarehe 7 Septemba 2009 ili inunue magari ya bei nafuu kutoka Australia na New Zealand, na mashariki ya Kongo tayari imejaa magari ya Japani yenye usukani wa kulia. Hoja hiyo hupendwa sana mpaka mtu aulize nani ahame kwanza, malori au bodaboda. Bodaboda wa Bwera wanasema wao hawana shida, pande zote wanazitumia tangu zamani.