Hasira Bila Dubu: Uainishaji wa Awali wa Mihemko Mjini Bunia

Mwaka 1558, mjini Antwerp, Hieronymus Cock alichapisha picha saba za dhambi kuu kutokana na michoro ya Pieter Bruegel, kila dhambi na mnyama wake: Hasira dubu, Kiburi tausi, Uchoyo chura, Uvivu punda. Dhambi zenyewe ni wanawake, na wa kulaumiwa ni Kilatini, kilichoyafanya majina yao kuwa ya kike. Wachoraji walitii sarufi tu.

Kwa Kiswahili, hasira haidai sura. Ina kitenzi chake, inatosha. Kwa mujibu wa uchunguzi uliofanyika kwenye benchi la butiki moja ya Bunia wakati wa mvua, mihemko ya mji huu ina makundi matatu, au manne mvua ikiendelea.

Kundi la kwanza ni wapandaji. Hasira hupanda, kwa hiyo mtu ni mlima. Mahali pazuri pa kuitazama ni pale noti ya dola inaporudishwa kwa mchaniko usiozidi mguu wa sisimizi. Muuzaji huiinua kwenye mwanga, huigeuza, kisha hutoa hukumu: “Papa, hii haitembei. Leta ingine.” Dubu wa nini hapa?

La pili ni wakamataji: woga, haya, usingizi. (Usingizi si mhemko, lakini ulimkamata mtafiti mara mbili, hauwezi kuachwa nje.) Hapa wachoraji wa Kongo wamewapita wale wa Antwerp. Katika picha iitwayo Inakale, mtu yuko juu ya mti: chini simba, majini mamba, tawini nyoka. Woga mmoja, wanyama watatu, na mti ni huo huo.

La tatu, la majonzi, lina ubishi. Mwaka 1514 Albrecht Dürer alimchora Majonzi akiwa na mabawa, funguo, mfuko wa pesa, mbwa aliyekonda, saa ya mchanga, na jedwali la namba ambalo kila mstari wake hujumlisha 34. Wataalamu wa Ulaya wanaifasiri mpaka leo. Mama yeyote wa hapa angemaliza kazi kwa kutupa jicho: binti ameshika tama.

Mvua imeendelea, basi la nne: tusimsahau marehemu. Ukutani mwa butiki kuna maandishi ya Kifaransa: Mkopo amekufa, ameuawa na wasiolipa. Huyu ana ukoo. Picha za kale za Ufaransa humwonyesha amelala chini, wauaji wamemzunguka: mwanamuziki, mwalimu wa upanga, na (wasomaji wa sanaa wavumilie) mchoraji. Nasi tukimsimulia, tunasema amekufa, si umekufa; basi alikuwa mtu.

Mvua ilipopungua tuliomba kilo ya sukari, tulipe Jumamosi. Muuzaji hakujibu, aliutazama ukuta. Tukarudi kwenye benchi, kiwiko gotini, mpaka mama muuza mandazi aliyejikinga mlangoni akatugutusha.

“Papa, toa mukono ku shavu! Nani amekufa?”