Milima ya Upare yasingiziwa

Makanya, chini ya milima ya Upare, nayo sasa ina watu wa ofisi za Dar wanaofanyia kazi sebuleni. Utawajua kwa sauti: "Haloo, mnanipata? Nimekatika?" Ndugu zangu, simu ya sauti kwa intaneti hula kama kilobiti 100 tu kwa sekunde, na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, inapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150. Huo si mzigo wa lori la jasi! Ila umejifungia chumba cha ndani chini ya bati, kijana anapakua filamu kwa bando lile lile, kisha lawama unaitupia milima. Hebu sogea dirishani, vaa hedifoni, zima video. Na filamu ya kijana isubiri kikao kiishe.