Lenzi ya Babu, Kamera ya Mjukuu

Ufuta ukishauzwa mnadani, Kiranjeranje harusi hazikauki, na hapo ndipo mpiga picha wetu hujitokeza na lenzi ya Nikon ya enzi za filamu, kaifunga kwenye kamera ya dijitali. Inaingia bila ubishi: kifungio cha lenzi cha Nikon, kiitwacho F, kimebaki na umbo lake la msingi tangu 1959. Lakini kuingia si kuelewana. Kamera za bei nafuu kama D3200 zikikuta lenzi isiyo na chipu hukataa hata kupima mwanga. Fokasi nayo ni ya mkono na jicho. Basi maharusi hukaushwa na tabasamu lao huku pete ya fokasi ikizungushwa kulia, kushoto, kulia tena. Picha ikitoka, bi harusi ni ukungu mtupu, ila sinia la pilau nyuma yake linahesabika punje kwa punje. Ukilalamika, unaambiwa huo ndio usanii. Shangazi mmoja kashamjibu: “Mwanangu, usanii huo kaupigie mnazi. Wenyewe una subira, tena haukulipi.”